Mstari wa Saba

"Mama Lornah, ukikosea pale mbele, nani hukwambia?"

Jirani yangu, Mwalimu Agneta Kageha, aliniuliza hivyo mwaka wa themanini na nne. Tulikuwa kwenye foleni ya maji hapa Nyalenda, mitungi imepangwa na mwenye bomba hajaja kufungua. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nianze kuhubiri katika kanisa letu la mabati, na nilidhani ananitania.

"Roho Mtakatifu," nikamjibu.

"Na hukwambia lini? Kabla watu hawajaenda nyumbani, ama baada?"

Wanawake wote wa foleni walicheka. Yeye hakucheka. Mwalimu alikuwa mtu wa kutania huku uso wake umetulia kama wa mtu anayesoma barua. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka thelathini na miwili. Alipostaafu alikataa kurudi kwao Umaragoli kwa sababu, alisema, huko hakuna mtu wa kubishana naye. Siku hiyo mwenye bomba alipokuja nilijaza mtungi wangu, nikajitwika, nikalisahau swali lake.

Nieleze nilivyofika pale mbele. Mume wangu Oduor alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku sita alipaka mabehewa grisi, na ya saba alihubiri. Alipofariki aliniachia binti yetu Lornah, vyumba viwili, na daftari moja nene la jalada gumu. Ndani ya daftari hilo ndimo alimoandika mahubiri yake yote. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa cha habari, sura na mistari ya kusoma, kisha maneno machache ya kumkumbusha atakalosema. Baada ya mazishi kanisa lilikaa Jumapili tatu bila mhubiri, watu wakiimba na kwenda nyumbani. Jumapili ya nne nilisimama na daftari la Oduor mkononi. Nilisoma huko Bondo hadi darasa la saba, kwa hiyo kusoma najua. Mwenyekiti wetu, Mzee Obiero, aliwaambia wenzake, "Mwacheni asimame mpaka tupate mhubiri." Hawakumpata, na mimi nikaendelea kusimama.

Wa kwanza kunisahihisha hakuwa Mwalimu. Alikuwa Awuor, mwanamke mchanga aliyenunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga, akaianika na kuiuza sokoni. Jumapili moja nilihubiri juu ya nyavu zilizojaa. Ili watu wangu wauone ule muujiza kwa macho yao, nikasema wavuvi wa Dunga nao huvuta omena hivyo, mashua zikilemewa chini ya mwezi mkubwa mweupe. Wanaume wa mashua, waliokaa benchi la nyuma, waliinamisha vichwa. Nilidhani wanaomba.

Jumatatu Awuor akaja kwangu na bakuli la omena. Aliketi, akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya bei ya chumvi. Mwishowe akauliza, "Mama, hii omena unajua inavuliwa aje?"

"Kwa nyavu."

"Kwa giza. Wanawasha taa juu ya maji, omena inafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Wanaume wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Jana uliwapeleka kazini siku ya likizo yao."

Nilicheka hadi nikafuta machozi. Kisha nikamwuliza kwa nini hakuniambia palepale nje ya kanisa.

"Nilitaka uambiwe na mtu ambaye hatakucheka," akasema. "Mimi nimemaliza kucheka jana."

Mimi ni mtoto wa wakulima. Kule kwetu Bondo ziwa nililiona kwa mbali, kama kitambaa kilichoanikwa. Tangu siku hiyo, kila nilipotaka kusema neno lolote la samaki, nilimwuliza Awuor kwanza. Na Mwalimu, aliyenisikia akiwa kwake kupitia mabati ya kanisa, alipoona kwamba mtu akiniambia sikasiriki, naye akaanza kuja. Hakuja Jumapili hata mara moja, na hakuja mikono mitupu. Alileta ndizi, au sukari kidogo kwenye karatasi, akaketi, akasema, "Sasa, Mama Lornah, yule mtume uliyemtaja jana, una hakika ndiye aliyekuwa gerezani?" Tukafungua Biblia, tukatafuta pamoja. Mara nyingi sikuwa na hakika. Jumapili iliyofuata nilirekebisha kwa neno moja tu, na hapakuwa na mtu aliyeona aibu, hata mimi.

Ndivyo tulivyoendelea, hadi mwaka wa themanini na sita.

Mwaka huo Awuor aliugua. Alikonda, akakohoa miezi miwili, na alipokwenda zahanati wakamwambia ni kifua kikuu. Alipangiwa sindano za kila siku kwa siku sitini, kisha vidonge hadi mwaka uishe. Mume wake alikuwa anavua kule visiwani na alirudi mara chache. Kila asubuhi Awuor alimbeba mtoto wake wa miezi minane, akapanda hadi zahanati, akachomwa, akateremka Dunga kutafuta omena. Wavuvi walianza kumkwepa. Walimwekea karai chini, wakasogea, na yeye akaweka pesa juu ya jiwe. Aliniambia hayo bila kulia, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Nilitaka kumfariji. Yeye na wagonjwa wengine, maana mwaka ule walikuwa wengi. Nikafungua daftari la Oduor nikakuta ukurasa wenye kichwa MFALME MGONJWA. Chini yake Oduor aliandika kitabu cha pili cha wafalme, sura ya ishirini, mstari wa kwanza hadi wa sita, na maneno haya: Machozi hayaendi bure. Jumapili nikasoma kama alivyoandika. Mfalme aliambiwa atakufa, akageuza uso wake ukutani, akaomba, akalia. Nabii hata hajatoka uani akaambiwa rudi, kamwambie mfalme machozi yake yameonekana na ameongezewa miaka kumi na mitano. Hapo mstari wa sita ukaisha, nami nikafunga Biblia.

Ningeongea juu ya machozi nikaketi, hapangekuwa na hadithi hii. Lakini watu walikuwa wameguswa, wanaitikia, na mimi nikaongeza yangu. Nikauliza, "Mfalme alikwenda hospitali?" Wakasema hapana. "Alichomwa sindano?" Wakasema hapana. "Alikimbilia wapi?" Wakasema kwa Bwana. Nikasema, "Basi na wewe geukia ukuta." Kanisa lote likasimama. Nitasema kweli, nilifurahia zile sauti. Niliporudi nyumbani nilikuwa bado nazisikia.

Wiki mbili baadaye Awuor alisimama kushuhudia. Uso wake ulikuwa umeanza kujaa. Alisema, "Mama alihubiri, na mimi nikageukia ukuta. Leo ni siku ya kumi na nne sijachomwa sindano, na sikohoi. Bwana ameniponya." Tuliimba nusu saa. Wale wanaume wa mashua walikuja kumpa mkono mmoja mmoja. Mzee Obiero, ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote, alinishika bega akasema, "Mama, kazi yako tumeiona."

Jumanne iliyofuata, saa kumi alasiri, Mwalimu alipiga hodi. Hakuwa peke yake. Alikuja na Dishon Waliaula, yule dresa anayechoma sindano kwenye zahanati ya barabara ya juu. Mwalimu alikuwa na papai, na Dishon alikuwa na maziwa ndani ya chupa ya soda. Nilipoona wawili na zawadi mbili, nilijua kosa ni kubwa.

Nikaweka chai jikoni. Dishon alisifu chai kabla haijachemka. Alisifu viti. Alisifu kalenda iliyokuwa ukutani, ambayo ilikuwa ya mwaka juzi. Mwalimu akamwangalia, naye akanyamaza.

"Mama Lornah," Mwalimu akasema, "nilikuwa natafuta ile habari ya mfalme mgonjwa. Nisomee kidogo. Nimesahau miwani nyumbani."

Miwani yake nilikuwa naiona. Ilikuwa imetuna ndani ya mfuko wa sweta. Nilichukua Biblia, nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa sita, nikafunga.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo."

"Sura ina mistari ishirini na moja, mama yangu. Nisomee mmoja tu."

Nikafungua tena. Mstari wa saba ulikuwa mfupi. Nabii yuleyule, baada ya kuleta ahadi, aliwaambia watu wachukue mkate wa tini. Wakauchukua wakauweka juu ya jipu la mfalme, naye akapona.

Nilisoma kwa sauti, kisha nikasoma tena kimoyomoyo. Chai ilianza kuchemka na kumwagika motoni, na hapakuwa na aliyeinuka. Mwishowe Dishon ndiye aliyeikimbilia.

"Tini ni nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Ni tunda, ndugu yake hili la mkuyu," Mwalimu akasema. "Huko kwao walilikausha, wakalikanda kama mkate, wakawekea vidonda na majipu. Ilikuwa dawa yao. Ile waliyokuwa nayo."

"Kwa hiyo Mungu alimwahidi uzima, kisha akamwekea dawa."

"Mimi sijasema kitu. Wewe ndiye umesoma."

Dishon alirudi na sufuria, ameishika kwa kitambaa changu cha kichwa bila kujua. Aliimimina chai taratibu, akaketi, akaongea akiangalia kikombe. "Mama, mimi si mtu wa Biblia. Mimi nahesabu sindano tu. Kuna mtu wetu mmoja alipaswa kuchomwa sitini. Amechomwa thelathini na moja, akaacha. Hizo thelathini na moja zilikuwa zimeanza kufanya kazi, ndiyo maana kikohozi kilikatika. Sasa ule ugonjwa umelala tu. Ukiamka safari hii utakuwa umeshaijua dawa yetu, na mimi sina nyingine ya kumpa pale. Na mtoto wake analala naye kitanda kimoja."

Hakumtaja jina. Sikumwuliza.

"Nimekwenda kwake mara mbili," akaongeza. "Ananipa kiti, ananipa maji, ananiambia Bwana ameshamaliza."

Nitakiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Awuor. Kilikuwa Oduor. Nikasema, "Mume wangu ndiye aliyeandika hadi wa sita. Kwa hiyo alikosea miaka yote hii?"

Hapo ndipo Mwalimu alipotoa miwani yake mfukoni bila haya yoyote, akaivaa, akaomba daftari. Alisoma ule ukurasa kwa makini, kidole chini ya mwandiko wa mume wangu.

"Hakukosea," akasema. "Soma alichoandika. Machozi hayaendi bure. Siku hiyo alikuwa anahubiri juu ya machozi, na machozi yanaishia mstari wa sita. Yale ya hospitali na sindano sioni hapa."

"Hayapo."

"Hayapo," akarudia, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Alikata papai, akanipa kipande kikubwa.

Walipoondoka niliwasindikiza hadi kwenye kona. Njiani nilijaribu kushukuru. Mwalimu akasema, "Wewe tumekuja kwako kwa sababu mlango wako hufunguka. Kuna wahubiri hapa mjini ningewapelekea papai wangenirudishia mbegu." Nimewashukuru watu wengi kwa vitu vingi maishani mwangu, chakula, mchango wa matanga, karo ya Lornah. Lakini wale wawili walibeba aibu yangu kutoka kanisani hadi nyumbani kwangu, wakaifungulia huko, mlango umefungwa. Wangeweza kuifungulia barabarani.

Asubuhi yake niliteremka Dunga. Awuor alikuwa anatandaza omena juu ya wavu mkuukuu, karibu na mafunjo, mtoto kakaa kivulini mwa mashua iliyopinduliwa. Ndege wale weupe, yangeyange, walikuwa wanarukaruka pembeni wakisubiri ageuke waibe. Alinipa mgongo kidogo, akakohoa mara mbili ndani ya kanga.

"Ni moshi," akasema.

"Moshi uko wapi?"

"Wa jana." Akatabasamu. "Mama, umekuja kununua ama kuhubiri?"

"Nimekuja kukwambia nilikosea."

Akaendelea kutandaza. Nikachutama, nikatandaza naye, nikamsimulia mstari wa saba. Nilipomaliza alikuwa bado anazipanga zile omena kama anazihesabu.

"Kwa hiyo mfalme aliwekewa dawa."

"Aliwekewa."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua. Sikusoma mbele."

"Dishon amekutuma."

"Alikuja, ndiyo. Lakini nimesoma mwenyewe, kwa macho yangu. Rudi kwa sindano, nyathina, mtoto wangu. Leo."

Awuor alikaa juu ya visigino. Aliwarushia yangeyange mchanga. Aliponiangalia, uso wake haukuwa na hasira, na mimi ningependa ungekuwa nayo.

"Mama, mimi nilisimama," akasema. "Watu wote walinisikia. Hawa wanaume unaowaona hapa walikuwa wananiwekea karai chini kama mbwa. Sasa wananiuzia mkono kwa mkono. Nikionekana kesho kwa foleni ya sindano, watasema Awuor alidanganya mbele ya madhabahu, na watanikimbia zaidi ya kwanza. Nitauza nini? Wewe umekuja kuniambia hapa, kwa sikio, na ndege ndio mashahidi. Yale ya kwanza uliyasema na maiki."

"Hatuna maiki."

"Kwa sauti yako, haihitajiki."

Tukacheka kidogo, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. Safari hii hakusema ni moshi.

"Nikisema mbele ya watu wote, utarudi?"

"Sijui, Mama. Sema kwanza."

Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Obiero, kwa sababu si heshima mwenyekiti asikie jambo kanisani pamoja na watoto. Alikuwa barazani kwake kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nilimweleza yote. Mguu wake haukuacha kukanyaga.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa na wahubiri wanne kabla yako. Wote walikosea. Hakuna aliyesema."

"Na waliosikia makosa yao?"

"Walizeeka."

"Wote?"

Cherehani ikanyamaza. Alikata uzi kwa meno, akaukunja kidoleni. "Ukisema kesho kwamba ulikosea hili, watauliza na la mwaka jana. Watauliza na la Pasaka. Halafu watasema, si tulisema mwanamke? Na mimi ndiye niliyekuacha usimame."

"Ulisema nisimame mpaka mpate mhubiri."

"Nilisema."

"Basi mkimpata wiki ijayo nitampokea vizuri, nitampikia, na daftari la Oduor nitamwazima. Lakini kesho bado ni mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua. Akarudisha kitambaa chini ya sindano. "Sema kwa ufupi," akasema. "Watu wetu hawapendi maungamo marefu. Wanaanza kuyafurahia."

Usiku niliomba maneno mengi, na asubuhi sikuyakumbuka hata moja.

Kanisa lilijaa. Mwalimu alikuwa benchi la nyuma pamoja na wale wanaume wa mashua, yeye ambaye si hata wa kanisa letu. Awuor aliketi upande wa akina mama, karibu na ukuta, mtoto amelala mkekani miguuni pake. Niliacha daftari nyumbani. Nilifungua sura ya ishirini, nikasoma tangu mwanzo. Nilipofika mstari wa sita watu waliitikia kama siku ile, mmoja akapiga makofi. Sikufunga. Nikasoma wa saba. Hakuna aliyeitikia, kwa sababu hapakuwa na wimbo ndani yake, ni watu tu wanaweka dawa juu ya jipu.

Nikasema, "Huu mstari ulikuwepo siku ile nilipowahubiria. Mimi sikuusoma. Nikawauliza kama mfalme alipata dawa, mkasema hapana, kwa sababu mliniamini. Alipata. Aliomba, akalia, akasikiwa, na aliyeleta jibu la Mungu ndiye aliyeagiza dawa. Nilikosea. Mume wangu hakukosea, hata Biblia haikukosea, ni mimi. Kama kuna mtu aliacha sindano au vidonge kwa ajili ya neno langu, namwomba msamaha, na namwomba arudi. Namshukuru Mungu ana watu wanaojua zaidi yangu na hawakuniacha hivyo."

Nilitaka kuketi. Mzee Obiero alikuwa ameshainuka nusu, anasema, "Basi tuimbe namba," na kitabu cha nyimbo kiko mkononi, wakati Awuor aliposimama.

"Na ushuhuda wangu?" akauliza.

Watu waligeuka. Kule nyuma nilimwona mmoja wa wavuvi akimnong'oneza mwenzake, na Mwalimu akimgusa goti anyamaze.

"Ushuhuda wako ulikuwa wa kweli," nikamjibu. "Ulipata nafuu, ukaja kushukuru. Ni nani hapa angefanya tofauti? Sindano thelathini na moja zilikuwa za Mungu, na zile zilizobaki ni zake pia. Hajamaliza na wewe, ni hilo tu. Uongo haukutoka kwako. Ulitoka hapa nilipo."

Alikohoa, na safari hii hakugeukia ukutani wala hakujificha ndani ya kanga. Alikohoa mbele yetu sote hadi kikaisha, na sisi tukasikia kikohozi kilivyo. Mzee Obiero aliketi polepole. Mmoja wa wale wanaume wa mashua, mkubwa wao, alisogeza miguu yake kutoka njiani ili mtu apite. Hakuinuka wala hakusogea mbali. Alisogeza miguu tu.

"Dishon leo yuko?" Awuor akauliza. Sikujua anamwuliza nani.

"Yuko hadi saa sita," Mwalimu akajibu kutoka nyuma.

Awuor akaangalia mlangoni, jua limefika wapi. Akainama, akamwinua mtoto, akamweka mgongoni bila kumwamsha, akafunga kanga kifuani, akaikaza mara mbili. Akapita mbele yangu, akapita katikati ya mabenchi, mbele ya wale wavuvi, akatoka, akashika barabara ya juu.